Somo: Soma punje ya pairaiti toka kiini hadi ukingo, ujue dhahabu ilikujaje

Pairaiti ni chuma na salfa. Watu huitupa kwa sababu inang'aa bila kuwa dhahabu, lakini punje moja ndogo inaweza kuwa imetunza historia yote ya mgodi. Hivi ndivyo ninavyoisoma.

Hatua ya 1. Usisage. Ukisaga unapata wastani, na wastani unachanganya vipindi vilivyopishana kwa mamilioni ya miaka. Niliwahi kupoteza sampuli nzuri namna hiyo, na bado inaniuma. Gandisha kipande cha mwamba kwenye risini (gundi ya maji inayokauka na kuwa ngumu), kisha ukisugue mpaka king'ae kama kioo.

Hatua ya 2. Tazama kwa hadubini ya elektroni. Aseniki ina atomi nzito kuliko salfa, hivyo palipo na aseniki nyingi panaonekana peupe zaidi. Mara nyingi utakuta kiini chenye vijitundu na uchafu wa matope, kilichokua wakati mashapo (matope na mchanga uliotuama) yakiwa bado chini ya maji. Kukizunguka kuna pete safi, moja baada ya nyingine, kama za shina la mti. Chora ramani yake kabla ya kupima chochote.

Hatua ya 3. Pima kila pete peke yake. Leza hutoboa kishimo na mashine husoma elementi zilizomo. Kobalti ikizidi nikeli, huwa ni dalili ya majimoto ya chini ya ardhi. Nikeli ikizidi, mara nyingi ni mashapo. Ni dalili tu, usiihukumu punje kwa hiyo peke yake.

Hatua ya 4. Linganisha dhahabu na aseniki. Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 2005 mtafiti Martin Reich na wenzake walionyesha kwamba pairaiti huweza kuficha ndani ya fuwele takriban atomi 1 ya dhahabu kwa kila atomi 50 za aseniki. Ikizidi hapo, dhahabu huwa imejitenga kama chembe ndogo mno za metali.

Hatua ya 5. Rudi kwenye mwamba. Majimoto mengi hubeba dhahabu ikiwa imeshikana na salfa. Yakikuta mwamba wenye chuma, chuma kinaichukua salfa na kuwa pairaiti. Dhahabu imenyang'anywa mbebaji wake, inabaki palepale.

Maswali ya wanachama

Swali: Dhahabu ikiwa ukingoni tu, ina maana gani?
Jibu: Ilikuja baadaye, kiini kikiwa tayari kipo. Ndivyo ilivyo kwenye machimbo ya aina ya Carlin, Nevada, Marekani: pete zenye dhahabu ni za mikroni chache tu (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita). Leza yenye upana wa mikroni 30 itachanganya pete na kiini, kwa hiyo pete nyembamba zipimwe kwa mwali wa elektroni.

Swali: Naona nyufa zimejaa dhahabu inayoonekana, ila pairaiti yenyewe haina kitu. Nimekosea?
Jibu: Si lazima. Joto na mgandamizo vinaweza kuitoa dhahabu ndani ya pairaiti ya zamani na kuisukuma kwenye nyufa. Pima viini vilivyosalimika. Kama vina dhahabu, chanzo huenda ni humo humo.

Swali: Hii inamsaidia nini anayechenjua?
Jibu: Sana. Dhahabu iliyofungwa ndani ya fuwele haifikiwi na sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, hata ukisaga laini. Lazima kwanza uivunje pairaiti, kwa kuichoma au kuioksidisha kwa mgandamizo au bakteria.