Kabla Hujatoa Damu ya Kipimo cha Lyme

Kabla ya yote chukua kalenda. Ulipita lini kwenye nyasi ndefu au vichaka vya huku Marekani, Maine au Massachusetts? Kupe ulimtoa lini? Homa ilianza lini? Kipimo cha Lyme, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza kupambana naye, nazo huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Ukipimwa siku ya tano ukaambiwa huna, jibu hilo halina uzito. Hapo ndipo wengi hupotea: karatasi inawekwa kabatini, kazi inaendelea, miezi baadaye goti linafura.

Ukiona alama inayotanuka kwenye ngozi, usingoje maabara wala daktari bingwa. Kwa kawaida hutokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, na daktari wako wa kawaida anaweza kuanza dawa kwa kuitazama tu. Shida ni kwamba picha nyingi tunazoonyeshwa ni za ngozi nyeupe, duara jekundu lenye kiini katikati. Kwenye ngozi yetu inaweza kufanana na alama ya kujigonga, au isionekane vizuri kabisa. Ipige picha kila siku karibu na dirisha, na sarafu pembeni ili ukubwa wake ujulikane.

Damu yenyewe hupimwa kwa hatua mbili. Ya kwanza ikiwa hasi, mambo huishia hapo. Ikiwa chanya au ya kutatanisha, damu ileile hupimwa tena. Omba nakala ya majibu yote, yenye tarehe ya kutolewa damu. "Nilipigiwa simu nikaambiwa ninao" hakumsaidii bingwa. Tazama pia kama ni IgM pekee, yaani kingamwili za mwanzo, iliyotoka chanya, kwa sababu dalili zikishapita siku 30, IgM peke yake haihesabiwi.

Andika dawa zote ulizokunywa, hata zile za kuazima kwa jirani. Antibaiotiki ikianzwa mapema inaweza kuzuia kingamwili zisijitokeze. Na kama uliwahi kutibiwa Lyme, sema: kingamwili hubaki mwilini miaka mingi, hivyo kurudia kipimo ili kujua kama umepona ni kupoteza fedha. Vipimo vya mkojo vinavyouzwa kwa ugonjwa huu navyo viache.

Lipo jambo ambalo huenda daktari wa huku asikuulize. Je, ukiwa nyumbani Tanzania au Kongo uliwahi kuugua homa ya papasi? Bakteria wa homa ile na wa Lyme ni ndugu, na kingamwili zake zinaweza kukigeuza kipimo kiwe chanya ilhali Lyme huna. Kaswende pia hufanya hivyo. Itaje, haya iache mlangoni. Taja na malaria, maana kupe huyuhuyu anaweza kukuachia babesia, kijidudu kinachoingia kwenye chembe nyekundu za damu na ambacho chini ya hadubini hufanana sana na malaria.

Miadi ya bingwa inaweza kuwa mbali. Uso ukilegea upande mmoja, ukizirai, moyo ukienda ovyo, au shingo ikikakamaa pamoja na kichwa kuuma vikali, nenda idara ya dharura siku hiyohiyo.

Unapopanga miadi, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya Marekani inapaswa kukupa bila malipo, na mtoto wako asifanywe mkalimani wa kaswende ya babake. Mkalimani naye mwombe atofautishe kupe na papasi, kwa sababu Kiingereza cha kawaida huwaita wote kwa neno moja, na daktari atadhani unarudia kisa kilekile.