Kigali kwa njia ya Rusumo: nauli, faranga na soko

Mimi ni mfanyabiashara wa mchele wa Kahama, na Kigali naenda kwa mambo ya kazi. Haya basi si ya watalii wa kutazama masokwe. Ni ya dada zangu wanaotaka kwenda kununua vitenge na kurudi salama.

Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, unagongewa mihuri papo hapo. Mtanzania halipi viza. Kinachochelewesha watu ni mizigo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na hawana utani: begi linafunguliwa, hata nailoni uliyofungia viatu inabaki kwao. Funga vitu kwa kitambaa tangu nyumbani.

Shilingi badilisha mpakani za nauli na chakula tu. Vijana wanaokuzonga na vibunda vya noti waambie asante, upite. Nyingine utabadilisha Kigali, kwenye maduka ya fedha ya katikati ya mji, uondoke na risiti. Noti yao kubwa ni ya faranga 5,000, kwa hiyo pesa ya mtaji inakuwa bunda. Nenda na mkoba wa kuvaa ndani ya nguo. Ukikaa siku kadhaa, sajili laini ya simu ya MTN kwa pasi yako uwe na MoMo, huduma yao ya pesa kwa simu, maana sokoni wengi wanapenda kulipwa kwa simu na hutahangaikia chenji.

Rusumo hadi Kigali ni kama saa tatu za basi. Tiketi ina saa yake, na basi linaondoka saa hiyo hiyo, lijae lisijae. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kwenda haina neno. Kurudi ndiko kunakoumiza, kwani ukivuka daraja unapoteza saa nzima, na magari ya kwenda Kahama hayakungoji. Toka Kigali asubuhi.

Kama unakwenda soko la Kimironko, shuka Remera. Wageni wengi wanapelekwa mpaka Nyabugogo, ng'ambo nyingine ya mji, kisha wanalipa tena kurudi walikotoka. Mabasi ya mjini hayapokei pesa mkononi, unanunua kadi ya Tap&Go kwa mawakala wa vituoni na kuiongezea salio. Pikipiki wanaziita moto. Patana bei kabla ya kupanda na uvae helmeti anayokupa. Mishikaki sahau: abiria ni mmoja tu, na trafiki wako macho. Magari yanapita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara anza kutazama kushoto kwako.

Kimironko ndiko penye raha. Vitenge vimepangwa mpaka juu, na mafundi wako na cherehani zao hapo hapo. Kiswahili kinakutosha kwa wauzaji wengi, hasa watu wazima. Kitenge kinauzwa kwa pisi ya yadi sita. Mwambie akikunjue chote, upime mwenyewe kwa mkono, kwani kuna pisi zinazopungua. Halafu lowesha ncha ya leso nyeupe, usugue pindo. Leso ikipata rangi, rudisha bila maneno. Bei ya kwanza usiikubali, ila usipige kelele kama za Kariakoo. Sauti ya chini na kicheko kidogo vinashusha zaidi. Supamaketi bei haishuki.

Usipange manunuzi asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni umuganda, raia wako kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa na mabasi hayatembei mpaka karibu saa tano.

Faranga zilizobaki badilisha kabla ya kuvuka. Sarafu zao hazibadilishwi, nunua nazo maji na ndizi za njiani.