Namna ya kuichunguza historia ya kodi ya mapato nchini Kenya

Anayetaka kuielewa historia ya kodi ya mapato nchini Kenya na aanzie mwaka 1901, kodi ya kibanda ilipowekwa. Kodi hiyo haikujali mtu amepata nini: ilihesabu vibanda tu, hivyo mume wa wake watatu, kila mmoja na kibanda chake, alidaiwa mara tatu hata kama mvua ilikosa na ghala likabaki tupu. Usipoitenga kodi ya makazi na kodi ya kipato tangu mwanzo, utachanganya malalamiko ya watu wa hali mbili tofauti kabisa.

Unapoutafuta upinzani, usitazame maandamano peke yake. Familia zilijibana katika vibanda vichache ili hesabu ya mtoza kodi ipungue, na mwaka 1910 serikali ikatunga sheria iliyowadai hata wanaume wasio na kibanda. Kila unapoisoma sheria mpya ya kodi, jiulize watu walikuwa wakiikwepaje ile iliyotangulia.

Miaka ya 1921 na 1922 ipe muda mrefu kuliko mingine. Kodi ya mapato ilianza kutozwa 1921, ikiwalenga hasa Wazungu na Wahindi wenye kipato. Walowezi, ambao tangu 1920 walikuwa na wajumbe wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, waliipinga vikali, na 1922 ikafutwa. Mwaka huohuo Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika aliyepinga nyongeza ya kodi ya kibanda, kipande (kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba) na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa. Tarehe 16 Machi umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi, na Muthoni Nyanjiru, aliyewaongoza wanawake, akawa miongoni mwa waliouawa. Yaandike matukio haya mawili pamoja, kwa kuwa anayeyasimulia kando kando anaificha dhuluma yenyewe: mlowezi aliondolewa kodi kwa hoja za barazani, ilhali Mwafrika hakuwa na mwakilishi wa rangi yake humo hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944.

Kwa ushahidi, soma Gazeti Rasmi la Serikali upate sheria zenyewe, kisha ripoti za kila mwaka za wilaya zilizomo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Ukumbuke kwamba ripoti hizo ziliandikwa na maofisa waliosimamia ukusanyaji wa kodi, kwa hiyo anayeitwa mkaidi humo huenda alikuwa hana kitu tu. Ukimhoji mzee, usimuulize kama jamaa zake walipinga kodi. Muulize pesa ya kodi ilipatikana wapi. Jibu la kwamba mbuzi aliuzwa, au baba alikwenda kuchuma kahawa shambani kwa mlowezi, litakueleza mengi kuliko neno upinzani.

Ufikapo 1937, kodi ya mapato iliporudishwa, chunguza ni nani aliyeanza kutozwa, ukikumbuka kwamba kodi ya kibanda ilikuwa ingali inadaiwa vijijini.