Kufuatilia historia ya uchaguzi wa jimbo la Kigoma Mjini

Anza na mipaka, majina ya wabunge baadaye. Tume ya uchaguzi hupitia mipaka ya majimbo angalau kila miaka 10, kwa hiyo kabla ya kulinganisha kura za miaka miwili, hakikisha kata ni zilezile. Maeneo ya Ujiji, Gungu na Mwanga yamo. Kosa la kawaida ni kuchanganya Kigoma Mjini na jimbo la Kigoma Kaskazini. Zitto Kabwe alishinda Kaskazini 2005 na 2010 kwa CHADEMA, kisha Mjini 2015 kwa ACT-Wazalendo. Andika jimbo, chama na mwaka kwenye mstari mmoja.

Usiruke uchaguzi mdogo, wala kesi. Katika uchaguzi mdogo wa 1994 CCM ilitangazwa mshindi, Aman Walid Kabourou, mgombea wa CHADEMA, akaenda mahakamani, matokeo yakafutwa. Sababu mojawapo ni upendeleo wa redio ya taifa. Anayenakili matokeo yaliyotangazwa tu hukosa sehemu nzito kuliko zote.

Kwenye takwimu, jumlisha kura za wagombea wote na zilizoharibika: lazima zilingane na kura zilizopigwa. Zisipolingana, rudi kwenye fomu 21B, yaani fomu za matokeo ya ubunge za vituo. Asilimia ya ushindi hutokana na kura halali, ya mahudhurio hutokana na walioandikishwa.