Kujenga kerneli ya Linux: draiva gani iwe ya kudumu, gani ipakiwe baadaye

Mimi huchomeka kwanza vifaa vyote ninavyotumia, kuanzia kamera hadi modemu, ndipo naendesha `make localmodconfig`. Amri hiyo hutazama moduli (vipande vya kerneli, yaani kiini cha mfumo, vinavyoweza kupakiwa peke yake) zilizopakiwa wakati huo na kuzima zisizopakiwa katika mipangilio ya ujenzi. Kifaa kilichobaki kabatini kitakosa draiva, yaani programu ya kukiendesha.

Kisha fungua `make menuconfig`, menyu ya kuchagua vipengele vya kerneli. Draiva ya diski na ya mfumo wa faili wa mzizi, kama ext4, zipe y ziingie ndani ya kerneli yenyewe. Ukizipa m (ziwe moduli za kupakiwa baadaye) bila initramfs, yaani mfumo mdogo wa faili unaowekwa kwenye kumbukumbu mashine inapowaka, kerneli haitaweza kuifungua diski inayohifadhi moduli hizohizo, na mashine itakwama ikiwaka. Hapa nakusihi usiharakishe.

Sauti, Wi-Fi, kamera: m. Udev, programu inayofuatilia vifaa, huzipakia kifaa kinapochomekwa. Kujaribu kwa mkono: `sudo modprobe uvcvideo` (hupakia draiva ya kamera za USB), halafu soma `dmesg`, yaani ujumbe wa kerneli.