SOMO: Wafanyakazi wamelegea? Anza hapa kabla hujatafuta mtu wa semina

Kila wiki kuna anayekuja inbox na swali lilelile: "Mkuu, vijana wangu hawana morali, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmojammoja. Soma yote, kisha uliza. Mfano wangu ni mgahawa kwa sababu ndiko ninakosimamia watu: jikoni, wahudumu, kaunta na waosha vyombo. Mwenye duka au gereji atageuza mwenyewe.

Hatua ya 1. Lipa mshahara tarehe ileile kila mwezi. Hii haina maelezo.

Hatua ya 2. Ukikata mchango wa NSSF, upeleke. Siku hizi mtu anaangalia michango yake kwenye simu akiwa amekaa kwenye daladala.

Hatua ya 3. Bandika rosta wiki moja kabla, na usiibadilishe usiku wa manane kwa meseji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zikizidi, unalipa saa ya ziada kwa mara moja na nusu. Ukimwambia mtu "baki kidogo tu" mpaka saa sita usiku bila kumlipa, hakuna hotuba itakayomrudisha kesho akiwa anacheka.

Hatua ya 4. Funga lile daftari la kaunta lenye majina na "glasi 2, sahani 1". Mhudumu anayekatwa kwa kila kinachovunjika anajifunza kuficha. Glasi ikipata ufa, anaipangusa na kuirudisha kabatini upande mzima ukiangalia mbele, imkute wa zamu inayofuata, au mteja. Sheria inaruhusu kukata kwa hasara iliyotokana na kosa la mfanyakazi, lakini umpe maelezo kwa maandishi, umpe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake. Ukifuata utaratibu wote huo kwa glasi moja, utaona mwenyewe kwamba haifai hata wino.

Hatua ya 5. Sifu palepale na utaje kitu chenyewe. "Umemtuliza vizuri yule mzee wa meza ya dirishani" inatosha. "Hongereni wote" haina mwenyewe.

Hatua ya 6. Bonasi. Hapa niliharibu, ndiyo maana ni ndefu. Niliweka zawadi kwa mhudumu mwenye mauzo makubwa kila mwezi. Mauzo kwenye karatasi yakapanda, nami nikajiona fundi. Ukumbini meza za familia kubwa zikawa zinagombewa, na mteja wa chai na chapati mbili anakaa bila kuulizwa hata jina la Mungu. Oda za kuku wa kuchoma zikaingia jikoni kwa mkupuo, kila mhudumu akitaka yake itangulie. Mpishi, ambaye zawadi ile haikumgusa hata shilingi, akawa na neno moja tu: "Subiri." Nilipoifuta, waliokuwa wakiipata wakaiona kama mshahara uliopunguzwa.

Kwa hiyo:
- Bonasi iwe ya zamu nzima, mwosha vyombo akiwemo.
- Pima kilicho mikononi mwao, kama sahani zinazorudishwa na muda wa chakula kutoka. Mauzo yanategemea mvua na tarehe za mishahara ya wateja.
- Tangaza mwisho wake siku unapoianza, na kwa maandishi.
- Usiahidi kabla mwenye mali hajatoa hela. Narudia: kabla hajatoa, siyo kabla hajakubali.

MASWALI

Mdau, Mwanza: Mkuu nimepitia juu juu, bonasi niweke shilingi ngapi?

Jibu: Mshahara wako unatoka tarehe ngapi?

Mdau, Mwanza: Inategemea biashara imeendaje.

Jibu: Rudi hatua ya 1.

Mdau, Dar: Hii ni kudekeza. Mbongo bila kubanwa hafanyi kazi.

Jibu: Onyesha mstari niliosema mvivu aachwe. Mvivu ana utaratibu wake: unamwonya, unamsikiliza, kisha unachukua hatua. Mtoe kwa hasira mkutane CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, huko utaulizwa barua za onyo ziko wapi.

Mwanafunzi wa utawala: Chuoni tumesoma Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, kwamba mshahara hauleti ari, unaondoa manung'uniko tu. Mbona hatua zako nyingi ni za pesa?

Jibu: Swali zuri sana, mdogo wangu. Herzberg na wenzake walichapisha kazi yao 1959 baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, Marekani. Watu wa kada hiyo siyo wa kuwaza nauli ya kesho. Mimi sipingani naye: hatua ya 1 hadi ya 4 ni za kuondoa manung'uniko, na nimezitanguliza kwa sababu huku kwetu ndiko wengi tunakwama. Ukishamaliza hapo, ari anayoizungumzia yeye inakuja kwa kumpa mtu kazi iwe yake. Mpishi wangu msaidizi nilimwachia menyu ya Ijumaa, achague, apange manunuzi, ajibu mteja akilalamika. Sasa Alhamisi anawahi sokoni bila kusukumwa. Ukifanya utafiti, nenda kaongee na wa jikoni, usiishie ofisini.

Mdau, Tanga: Nyongeza: sisi wa zamu wanakula kabla hatujafungua, chakula kilekile cha wateja. Wahudumu wakaanza kuuza samaki wa nazi kwa sababu wanaijua ladha yake.

Jibu: Hiyo naiba leo leo.

Mdau, Arusha: Tipu je? Wateja wote sasa wanalipa kwa lipa namba, hela ya mhudumu inaingia kwa bosi.

Jibu: Umegusa donda. Mteja akizidisha, kaunta waandike kiasi nyuma ya bili pamoja na jina la mhudumu, na alipwe taslimu kabla ya kutoka zamu. Bili zikae siku hiyohiyo kwenye bahasha moja, maana mwenye mali atauliza kwa nini droo imepungua.