Mizimu ya maorki: namna ya kuijenga kabla hujaandika sura ya kwanza

Hadithi yangu ya kwanza ya maorki, yale majitu ya vita ya hadithi za kubuni za Kizungu, ilikuwa na mganga mwenye fuvu kichwani, manyoya mgongoni, na moshi wa kijani unaofuka bila sababu. Nilimsomea bibi yangu jioni moja umeme umekatika, kwetu Magomeni. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, huo mzimu wao unakula nini?"

Nikakosa jibu. Bibi ni Mzaramo wa Kisarawe, neno orki hajawahi kulisikia, lakini alishaona kwamba mzimu wangu ni pambo. (Tunakaa kata ya Mzimuni, kwa hiyo aibu ilikuwa mara mbili.) Hatua zifuatazo zimetokana na swali lake, pamoja na Jumamosi nyingi za kuendesha michezo ya kuigiza hadithi kwa kete na karatasi na wenzangu hapa Dar.

Hatua ya 1: Chagua ngeli

Hii wengi huiruka. Kwa Kiswahili, ukiandika "orki lilisimama mlangoni" umeshamwambia msomaji kwamba ni dude. Ukiandika "orki alisimama mlangoni", ni mtu. Mazimwi ya bibi zetu hukaa upande wa kwanza: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukitaka maorki wenye dini, sheria na huzuni, wape a- na wa-.

Mimi natumia zote mbili. Binadamu wa hadithi yangu husema "lile orki", maorki wenyewe husema "yule". Siku askari mmoja wa kibinadamu anapojikwaa na kusema "yule", sihitaji kueleza kwamba moyo wake umegeuka.

Hatua ya 2: Upe mzimu kwao

Huku pwani pepo ana kabila. Yuko wa Kimasai, wa Kihabeshi, wa Kiarabu, na kila mmoja ana lugha yake, nguo yake na anachotaka apewe. Pepo wa kibuki wa Unguja husemwa walitoka Bukini, yaani Madagaska, na wakipanda hudai brandi hata kama aliyepandwa ni Mwislamu safi asiyegusa kileo. Ukitazama vizuri, orodha ya pepo ni historia: nani alikuja, nani alifanya biashara na nani, nani alimwogopa nani.

Basi usiwape maorki "roho ya mbwamwitu" kwa sababu tu inatisha. Jiulize waliwahi kupigana na nani, wakamzika wapi. Ukoo wangu wa maorki wa pwani unalindwa na Mama Chumvi, mwanamke wa kibinadamu waliyemzamisha wenyewe wakati wa vita vya mashimo ya chumvi. Hajui Kiorki. Kila anayetaka ulinzi wake lazima ajifunze salamu ya maadui na aitamke sawasawa. Vijana wa ukoo wanaichukia hiyo salamu, na hapo tayari nina mgogoro kabla upanga haujatoka alani.

Hatua ya 3: Andika masharti, na yawe ya kuudhi

Hapa ndipo kazi ilipo. Nguvu za mzimu mtu yeyote anaweza kuzibuni kwa dakika tano. Masharti ndiyo yanayopanga maisha: nani hali samaki gani, mlango unaelekea wapi, mkwe anakaa upande gani wa moto.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani. Dawa ile ilikuja na miiko yake. Kinjikitile alinyongwa Agosti mwaka huohuo, lakini vita haikufa naye, iliendelea hadi 1907. Mwandishi ajiulize: kinga ikishindwa mbele ya macho ya watu, wanasemaje kesho yake? Mara nyingi jibu linakuwa kwamba kuna aliyevunja mwiko. Sharti huulinda mzimu dhidi ya aibu, na humpa mganga mtu wa kulaumu. Ukiwa na hilo, una siasa nzima ya kijiji.

Kipimo changu ni hiki: sharti liwe rahisi kulivunja kwa bahati mbaya, na kulitimiza kuwe na gharama. Mama Chumvi hataki mtu avuke maji usiku bila kumwaga chumvi kiganja kimoja. Inaonekana ndogo. Sasa mweke mama wa Kiorki ukingoni, mtoto ana homa, tabibu yuko ng'ambo, na chumvi iliyobaki nyumbani ni ile ya kuhifadhia nyama ya msimu mzima.

Hatua ya 4: Mganga anakwenda, au anapandwa?

Neno shamani lilitoka Siberia, kwa Waevenki na jamaa zao wa lugha. Shamani wa huko hupiga ngoma, na roho yake mwenyewe husafiri kwenda kuongea na mizimu. Kwetu mambo huwa kinyume: pepo ndiye anayekuja, na mtu anakuwa kiti chake. Chagua moja kwanza, maana kila njia ina hadithi yake.

Anayesafiri anaweza kupotea njiani, au kurudi akadanganya, kwa kuwa shahidi ni yeye peke yake. Aliyepandwa hakumbuki alichosema, hivyo anamtegemea msaidizi wa kumsimulia baadaye, na huyo msaidizi ana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mimi nilichagua kiti, kisha nikamfanya msaidizi kuwa mkopeshaji wa chumvi.

Usichanganye mganga na mchawi. Uwe nao wote wawili, na wajuane. Na kumbuka mganga hajigangi: akiumwa yeye, atamwendea nani?

Hatua ya 5: Andika tambiko moja kutoka kwa mtu wa pembeni

Acha mganga. Mfuate mbeba kuni:

"Ngoma ilipokatika, Urgo aliona kidole gumba cha mguu wa shangazi yake kikicheza peke yake kwenye mchanga. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke wa kigeni, laini, yenye kikohozi. Ilimsalimia kwa lugha ya maadui. Urgo alijua jibu. Mkononi alikuwa na kuni, hana chumvi."

Vibuyu, shanga, ubani, rangi ya shuka: chagua viwili tu, vitumie mpaka vichakae.

Toleo jipya nililimaliza mwezi uliopita, nikamsomea bibi tena. Safari hii alinikatiza katikati. "Hiyo chumvi," akasema, "kama mashimo waliyachukua maadui, wao wanaipata wapi?"

Nimerudi kuchora barabara za biashara.